Simu ya mjukuu, rimoti ya babu

Jumapili mbili zilizopita kichwa cha treni cha baba mkwe wangu kilianguka kutoka mezani hadi kwenye sakafu ya saruji. Ni kichwa kidogo cheusi chenye magurudumu mekundu, kinakaa kwenye kiganja, lakini mzee amekuwa nacho tangu mume wangu hajazaliwa. Aliyekuwa akikiendesha ni mwanangu wa miaka tisa. Aliyekiangusha, nikisema kweli, ni mimi. Nilikuwa jikoni juu, chakula kiko tayari, nikaona uvivu kushuka ngazi, nikapiga simu.

Kwa wanaojiuliza simu inaangushaje treni, subirini kidogo.

Huku Ujerumani ninakoishi, treni ndogo za mezani si mchezo wa watoto peke yao. Mara nyingi wenye mali ni wazee, na mtoto anaruhusiwa kugusa akishanawa mikono. Kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen ilianza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya bati vya nyumba za wanasesere, treni zikaja baadaye. Mjini Hamburg ndugu mapacha walifungua ukumbi wa treni hizi mwaka 2001, unaitwa Miniatur Wunderland, na watu wazima hupanga foleni na tiketi zao mkononi kama wanakwenda mpirani. Baba mkwe naye ana ukumbi wake, chumba cha chini ya ardhi, chenye meza kubwa, milima ya plasta, madaraja na stesheni mbili. Vipimo ni 1 kwa 87. Nilipoolewa nilidhani ni mapambo ya Krismasi yaliyosahaulika.

Kwa miaka yote hiyo mzee aliendesha treni zake kwa transfoma yenye kitufe kikubwa chekundu cha kuzungusha. Ukizungusha kulia, treni inaongeza mwendo. Ukirudisha sifuri, inasimama. Ukikisukuma kushoto kupita sifuri, unasikia "tak" ndani ya kichwa cha treni, na safari inayofuata kinakwenda kinyumenyume. Hakuna zaidi. Umeme unaopita kwenye reli ndio amri yenyewe. Ubaya wake ni kwamba vichwa viwili vikiwa kwenye reli moja vyote vinasikia amri ileile, vinaondoka pamoja na kusimama pamoja.

Kuanzia miaka ya 1980 mambo yaligeuka ya kidijitali. Siku hizi reli ina umeme wakati wote, na ndani ya umeme huo kunapita amri zenye namba. Kila kichwa kina kidude chake cha elektroniki chenye namba yake. Ni kama mwalimu anayeita majina darasani: wote wanasikia, anasimama aliyeitwa. Ndiyo maana leo unaweza kuendesha treni tano kwenye meza moja, kuwasha taa za hii na kupiga honi ya ile. Na amri zikishakuwa namba tu, haijalishi zimetoka wapi, kwenye rimoti ya mkononi au kwenye simu.

Mwaka jana mzee alipata kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito, na vidole vinatetemeka akichoka. Miezi mingi hakushuka kule chini. Mlango wa ngazi ukawa umefungwa, na sisi tukawa tunapita pale tukijifanya hatuuoni.

Mume wangu, mwana mwema, akaona dawa ni simu. Alinunua kisanduku cha dijitali kinachounganishwa na waifai ya nyumbani, akampelekea fundi kile kichwa cheusi kiwekewe kidude ndani, akaingiza programu kwenye simu yake na kwenye kishikwambi. Hoja yake ilikuwa nzuri: baba atakaa kwenye kiti, hatahitaji kusimama, hatahitaji nguvu, atagusa tu kioo. Nilimsifu. Tukampeleka mzee chini siku yake ya kuzaliwa, tukampa kishikwambi.

Aligusa. Treni haikuondoka. Aligusa tena, ikaondoka kwa kasi ya mwendawazimu. Kioo cha simu kinategemea umeme mdogo wa ngozi, na ngozi ya mzee hukauka, kidole hakisikiki vizuri. Mara hakisikiki, mara kinasikika mara mbili kwa sababu kimetetemeka. Mwendo kwenye programu ile ni mstari unaovutwa juu na chini, na mkono unaotetemeka hauvuti mstari, unarusha. Lakini hata hilo si lililomkera zaidi. Alisema jambo moja kwa sauti ya chini, nikalitafsiri kichwani kwa Kiswahili kwa sababu lilinigusa: "Nikiangalia kioo siioni treni yangu."

Hapo ndipo penye tofauti yote, na ningeomba msomaji aliye na watoto asome polepole. Kitufe cha kuzungusha unakijua kwa kidole. Gumba linajua limezungusha kiasi gani, macho yako huru, yanafuata treni ikiingia kwenye handaki na kuisubiri upande wa pili. Kioo hakina kingo za kupapasa. Ukitaka kupunguza mwendo lazima kwanza uangalie kidole chako kiko wapi. Kwa hiyo unayeendesha ndiye usiyeiona safari. Mwanangu alikuwa akiinamia kishikwambi dakika ishirini, treni inazunguka nyuma yake, na nilipomuuliza imebeba nini leo, hakujua.

Sasa turudi kwenye kuanguka. Babu aliacha kushika kishikwambi, mjukuu akaendelea na simu ya baba yake. Upande mmoja wa meza kuna njia fupi inayoishia ukingoni, mzee hakuwahi kumalizia kizuizi chake. Mtoto alikuwa akiirudisha treni kwenye njia ile polepole, kwa ustadi kabisa. Nikapiga simu. Kioo chote kikajaa jina langu na picha yangu nikicheka. Vile vidhibiti vya treni vikaenda nyuma, mtoto akawa anatafuta pa kuigusa ile picha iondoke, na treni haijui kwamba simu imeita. Kisanduku kile kiliendelea kuituma amri ya mwisho, nayo ilikuwa "nenda". Ikaenda.

Zipo treni zinazosimama zenyewe zikikosa mawasiliano na simu. Yetu ilikuwa na mawasiliano na kisanduku, kisanduku kilikuwa kizima, kila mtu alifanya kazi yake. Aliyekosekana ni dereva.

Wiki nzima mwanangu hakutaka kwenda kwa babu. Alisema ana kazi ya shule. Mzee naye hakuuliza. Ukimya wa wanaume wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine sabini na nane, unafanana sana.

Mimi na mume wangu tukaanza kubishana usiku. Yeye aliitetea simu, na si kwamba hana hoja. Kwenye simu unaona picha ya kila kichwa, unajua unaendesha kipi. Vichwa vya siku hizi vina sauti na taa nyingi, vingine vina kazi zaidi ya ishirini, na kwenye simu kila moja ina alama yake, wakati rimoti inakuonyesha chache kwa wakati mmoja na nyingine unazitafuta kwa kubonyeza. Halafu kuna pointi, yaani zile reli zinazosogea kuipeleka treni njia hii au ile. Mezani pale ziko kumi na nne. Kwenye rimoti unatakiwa ukumbuke kwamba pointi ya karibu na daraja ni namba tisa. Kwenye kishikwambi unaona ramani nzima ya meza, unagusa pointi, inasogea. Kwa jambo hilo nilinyoosha mikono.

Nami nikamwambia kwamba simu ni ya mwenye simu. Wewe ukienda kazini treni imekwenda na wewe. Ukiwa nyumbani, mtoto anaishika akiendesha treni dakika tano, ya sita yuko kwenye video za watu wanaofungua maboksi. Na tukibadilisha simu je? Programu huandikwa kwa simu za wakati wake, miaka ikipita moja kati ya hizo mbili inamkataa mwenzake. Kile kitufe chekundu cha mzee hakijawahi kudai kusasishwa.

Hata ninyi mlio nyumbani mnaoletewa zawadi na ndugu wa ughaibuni kila Desemba, ulizeni kabla boksi halijafunguliwa: kitachezeka bila simu? Treni za mjini za LEGO zilizotoka mwaka 2018 zilikuja na rimoti ya mkononi ndani ya boksi, inatumia betri nne ndogo, na simu ikawa ya hiari. Ile ya Duplo ya wadogo mtoto huisukuma kidogo ikaondoka yenyewe. Lakini wapo watengenezaji wa treni wasiokupa cha kushika isipokuwa programu, na mtoto wa miaka mitano hana simu, wala sioni kwa nini awe nayo.

Tulinunua rimoti. Naiita rimoti ingawa ina waya mrefu unaochomekwa kwenye kisanduku kilekile. Ni nzito kidogo, inajaa mkononi, ina kitufe cha kuzungusha katikati, ukikibonyeza treni inageuza mwelekeo, na ina kitufe cha kusimamisha kila kitu kwa dharura. Waya ni kero, mzee hawezi kuizunguka meza. Ila haihitaji chaji wala haipotei chini ya makochi. Mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo alikuwa akimsihi autumie mkono wa kulia kila siku, akampa mpira wa kufinya, na mpira ule ulikuwa umelala droo. Rimoti aliishika kwa mkono wa kulia bila kuambiwa na mtu.

Kilichobaki kilikuwa mjukuu. Mtoto aliyezoea kioo ukimpa kitufe anaona umemrudisha chekechea, na kwa vyovyote rimoti ilikuwa moja na mwenyewe keshaikalia.

Aliyetuokoa ni baba yangu mzazi, yuko Tabora, alifanya kazi reli maisha yake yote kabla ya kustaafu. Nilimpigia kumjulia hali, nikamsimulia habari hii kama kichekesho. Hakucheka. Aliuliza, "Mama, sasa hapo stesheni masta ni nani?"

Nikamwambia hakuna, baba, ni treni za mezani.

"Ndiyo maana imeanguka," akasema. "Dereva hapangi njia. Njia inapangwa na stesheni, dereva anasubiri akiruhusiwa ndiyo anaondoka. Mtu mmoja akifanya yote mawili ataua watu." Kisha akaniuliza bei ya mchele huku ikoje.

Nilikaa na maneno yale siku mbili kabla ya kumwambia mume wangu. Tukachukua simu ya zamani iliyokuwa imelala kabatini, tukaitoa laini, tukafuta kila kitu, tukaacha programu ile moja tu, haiwezi kuita wala kuonyesha video. Tukaishikiza kwenye kibao kando ya meza, ikae kule kule chini. Mume wangu akampeleka mtoto kwa babu yake na kumwambia kazi imegawanywa: babu ana rimoti, yeye ana ramani. Babu hasogei mpaka njia ifunguliwe.

Kwanza ilibidi watengeneze kile kichwa. Vichwa hivi vya zamani ni vya chuma kizito, havivunjiki kirahisi, kilichopinda ni kifungio cha nyuma na fimbo moja ya gurudumu. Mzee alikuwa na ujuzi na mkono mmoja unaotii, mtoto alikuwa na mikono miwili na hajui chochote. Waliutumia mchana mzima. Nilichungulia mlangoni, mtoto ameshika bisibisi ndogo kama sindano, babu ameshika taa, wanasemezana kwa minong'ono. Kile kizuizi cha ukingoni nacho kikamaliziwa, kwa vijiti vya aiskrimu.

Si kwamba sasa kila kitu kinakwenda vizuri. Waifai ya kule chini ni dhaifu, kuta ni nene, na mara nyingine pointi inachelewa kutii. Rimoti mzee ameshaiangusha mara moja. Na stesheni masta wetu ni mkali kupita kiasi, ana daftari, anaandika saa za kuondoka, na treni ya babu yake ikichelewa anaipa onyo kwa Kijerumani cha maofisa.

Jana nilipokuwa naandika safu hii, babu alikuwa amesimamishwa nje ya stesheni ya pili tangu saa tisa, kwa sababu bwana mkubwa alikuwa anapisha treni ya mizigo ambayo alisahau kuiwasha. Mzee hakulalamika. Gumba lake lilikuwa juu ya kitufe, linasubiri.

Chakula kilikuwa tayari. Nilivua kanga ya mapishi, nikashuka ngazi kwa miguu yangu kwenda kuwaita.