Kijana wa kibandani na dhamana ya simu za watu



Ndugu Waislamu, huko Katoro, Nyarugusu, Kahama na kwingineko kunakochimbwa dhahabu, mchimbaji mdogo hupeleka simu yake kibandani ili aingiziwe nyimbo, mawaidha na programu. Simu hiyo ni kompyuta ya mkononi, kwani Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na ndani yake mna malipo ya jasho lake. Mfumo huo huifungia kila programu chumba chake, wala hauruhusu toleo jipya lichukue nafasi ya lile la zamani ila liwe na saini ya mwenyewe yule yule. Jambo lisilo mbali na isnadi waliyoidai wanazuoni wa hadithi. Lakini kijana akiruhusu vyanzo visivyojulikana, akanakili faili kutoka kwenye kadi yake, kisha akabonyeza “ruhusu” kila anapoulizwa, huwa amemfungulia milango asiyemjua. Programu iliyoruhusiwa kusoma ujumbe mfupi husoma pia namba za siri zitumwazo na benki.

Wako wasemao kuwa wa kulaumiwa ni mwenye simu. Hatukubaliani nao. Imamu Malik aliwabebesha mafundi dhamana ya mali waliyokabidhiwa. Sisi wa madhehebu ya Shafii kauli yetu yenye nguvu ni nyepesi zaidi: fundi hulipa pale alipozembea au kuvuka mpaka. Basi kuizima kinga ya simu ya mtu asiyekielewa Kiingereza cha kwenye kioo, kama si uzembe, ni nini?

Wala jina la dini lisitughuri. Novemba 2020 jarida la Motherboard liliripoti kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala iliyokuwa ikipatikana katika duka rasmi, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode taarifa za mahali walipo watumiaji. Wenyewe wakatangaza kuvunja uhusiano huo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Tungependa ibandikwe kwenye mbao za matangazo za misikiti, na kijana wa kibandani awe wa kwanza kuonyeshwa. Apakue kutoka duka rasmi, mwenye simu akitazama. Amfasirie ruhusa moja moja kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma ikibidi. Na ada yake aichukue kwa kazi hiyo.