Kasi ya intaneti pekee haitasafisha hewa ya Chaani

Mnamo Juni 2009, waya wa mawasiliano wa TEAMS, uliozamishwa baharini kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, ulifika Mombasa na kuzinduliwa na Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki. Mwezi uliofuata SEACOM ilianza kazi, na mwaka 2010 EASSy ikafuata. Nchi iliyokuwa ikitegemea setilaiti, huduma ghali tena ya polepole, ikaunganishwa na ulimwengu kupitia pwani yake.

Wapenzi wa teknolojia, na mwandishi huyu ni mmoja wao, waliona katika nyaya hizo ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba huduma zingemfuata mwananchi nyumbani. Ya pili ni kwamba mji ambao watu wake hawalazimiki kuhangaika barabarani kutafuta stakabadhi ungepunguza moshi, foleni na karatasi, hivyo ukawa mji safi zaidi.

Ahadi ya kwanza imetimia kwa kiasi kikubwa. M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, imemwezesha mkazi wa Chaani kulipa bili bila kupanda matatu kwenda kisiwani. Tangu 2014, mfumo wa eCitizen umepunguza safari za kufuatilia leseni na vyeti. Asiye na simu ya kisasa huenda saiba iliyo jirani, akalipa ada kidogo na kuhudumiwa. Kila safari isiyofanywa ni mafuta yasiyochomwa, na hilo si jambo la kudharauliwa.

Ahadi ya pili ndiyo ingali mashakani. Chaani, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Changamwe, imezungukwa na takribani kila kitu kinachoendesha uchumi wa Pwani: bandari na vituo vya mafuta vya Kipevu, mitambo ya umeme inayochoma mafuta, uwanja wa ndege wa Moi, barabara ya malori ya makontena, na matangi ya kiwanda cha Changamwe kilichosafisha mafuta kuanzia 1963 hadi 2013. Mkazi wa hapo anaweza kujua kwa sekunde chache salio la fedha zake na matokeo ya mpira wa Uingereza. Swali ni iwapo anaweza kujua kwa wepesi huo huo kile anachovuta puani asubuhi.

Swali hili si la anasa. Mikindani, ambayo ilikuwa ndani ya eneobunge la Changamwe hadi Jomvu ilipojitenga katika uchaguzi wa 2013, ndiko kuliko na kitongoji cha Owino Uhuru. Kuanzia 2007 hadi 2014 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha shughuli zake ukutani mwa nyumba za watu. Madini ya risasi yaliingia katika udongo, hewa na damu ya watoto. Sumu hiyo hudhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Wakazi waliutambuaje ukweli huo? Hakuna tovuti iliyowaonya wala ujumbe wa simu uliowafikia. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kupitia vipimo vya hospitali kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini. Harakati zake zilimletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwatunuku wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu umejengwa kwa afya za watoto.

Mfano wa Beijing una funzo. Mwaka 2008, ubalozi wa Marekani ulianza kutangaza mtandaoni, kila saa, vipimo vya vumbi laini hewani. Wakazi walianza kulinganisha takwimu hizo na kauli za serikali yao, na miaka michache baadaye China ikaanza kutangaza vipimo vya miji yake yenyewe. Hata hivyo, Machi 2025 Marekani ilisitisha utangazaji wa vipimo vya balozi zake. Anayetegemea kipimo cha jirani hubaki gizani jirani akizima taa.

Kenya haina upungufu wa sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaziagiza taasisi za umma zichapishe baadhi ya habari hizo bila kungoja kuombwa. Hata tovuti ya takwimu huria tulizinduliwa Julai 2011. Kilichosalia ni kuziunganisha haki hizo na simu ya mkazi, kwa Kiswahili, na kwa ujumbe mfupi usiohitaji simu ya bei ghali.

Isitoshe, teknolojia yenyewe haina mikono safi. Betri za risasi hutumika katika magari, minara ya simu na mitambo ya sola, na Owino Uhuru inatuonyesha zinakoishia zisiposimamiwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji jukumu la bidhaa zao zinapochakaa. Bila utekelezaji, "mji wa kijani" wa tajiri utakuwa jalala la maskini.

Ikumbukwe pia kwamba jaa la Kibarani, lililokuwa aibu ya lango la kisiwa, lilifungwa 2018 kwa uamuzi wa kiutawala wala si kwa programu ya simu. Taka zilielekezwa Mwakirunge, Kisauni. Hazikutoweka, zilihama. Kwa hivyo mkazi wa Mwakirunge naye ana haki ya kuuliza kinachomwagwa mlangoni pake.

Serikali ya kaunti na mamlaka ya mazingira, NEMA, zianze na mambo matatu: vipimo vya hewa vya kudumu karibu na shule na hospitali za Changamwe, matokeo yatangazwe kila siku, na kila leseni ya kiwanda iwekwe hadharani kwa lugha ambayo jirani wa kiwanda anaielewa. Nyaya zimekuwa baharini tangu 2009. Kisingizio cha kukosa njia ya kumfahamisha mwananchi kilizama siku zilipofika.