Feza zimehamia simuni, namba ya siri ibaki kwako

Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, M23 ilipoingia mjini. Bukavu ikafuata Februari. Tangu hapo mishahara, feza za masomo, hata sadaka, nyingi zinapita katika M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Waamini wanauliza: huko feza ni salama?

Ulinzi upo. Habari zako zikisafiri kwenda benki kwa intaneti, programu huzigeuza kuwa alama zisizosomeka, na mara nyingi benki hukutumia kwa SMS namba ya kutumika mara moja tu. Mwizi hahangaiki kuvunja kufuli hiyo. Anakupigia, anajiita mtumishi wa kampuni, anaomba ile namba. Ukimpa, mtambo unamtambua kama wewe.

Na tuseme ukweli, ndugu: kwetu wamama wengi wanamwachia kijana wa kibanda simu awaandikie namba ya siri, kwa sababu hawakusoma. Hapo kufuli yote ni bure. Mama anayehesabu mafungu ya sombe sokoni hashindwi kujifunza tarakimu. Darasa la kusoma la parokia lianzie hapo, simu mkononi, mbele ya kitabu chochote.