Dawa ya Hofu Ipimwe Kwanza

Hapa Kindu mtu akisema kwamba moyo wamdunda usiku na usingizi umemkimbia, hakosi wa kumwuzia unga wa mizizi. "Ni mizizi tu," aambiwa, "haina hatari. Wazee waliitumia, ya nini kuipima?" Maneno hayo ni matamu, lakini si ya kweli.

Hofu ya watu wetu si mchezo. Vita vilipita hapa mwaka 1964, vikarudi mwaka 1998, na wako ambao hata leo hushtuka mlango ukigongwa. Kwa kuwa mateso yao ni ya kweli, wasipewe kitu cha kubahatisha.

Wala hatudharau mizizi. Katika misitu ya Kongo uko mti ambao wataalamu huuita Rauvolfia. Mizizi yake ina reserpini, dawa iliyopatikana kwanza mwaka 1952 katika mmea wa India wa jamii hiyohiyo. Mwaka 1955 waganga wawili wa London, Davies na Shepherd, waliijaribu kwa wagonjwa wenye hofu. Walifanyaje? Kwa kura, wengine walipewa dawa yenyewe, wengine kidonge kisicho na kitu, na mgonjwa hakujua amepata kipi. Waliopewa dawa walipata nafuu kuliko wenzao.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu hofu si donda unaloliona likikauka. Leo imepanda, kesho imeshuka yenyewe. Tena mtu akipokewa vizuri, akasikilizwa, akaambiwa "utapona", aweza kutulia hata kama kikombe chake kina maji ya moto tu. Hapo mwuzaji hujipatia sifa, na franka pia.

Na reserpini hiyohiyo hushusha msukumo wa damu. Ikizidi, mtu aweza kuanguka akisimama. "Ni mizizi tu!" Muhogo mchungu nao ni mzizi tu, na kila mama wa Maniema ajua kwa nini huulowesha majini siku kadhaa.

Lakini kupima kwa jina tu hakutoshi, nasi wa Maniema tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Kule Kalima, mwaka 2015, chai ya Artemisia ilijaribiwa katika wagonjwa 957 wa malaria. Jarida moja la wataalamu lilitangaza habari zake mwaka 2019, watu wakashangilia. Mwaka 2020 jarida lilelile likazifuta. Watu 957 walijitoa, na leo ushahidi wao hauwezi kutegemewa!

Basi mwenye unga wake na aupeleke hospitali. Aseme ni mzizi gani, umechimbwa wapi, kijiko kimoja au viwili, na wangapi walidhurika. Akijibu kwamba ni siri ya ukoo, na akae na siri yake, lakini asiuze unga huo kwa mjane asiyelala.