Tusiseme Mashine Imempofusha



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo husikika maneno haya: "Tangu aanze kusafishwa damu, macho yamekwisha. Mashine inapofusha." Yakimfikia mgonjwa wa figo mwenye hofu, anaweza kuacha matibabu, na bila matibabu hayo maisha yake yamo hatarini. Tuyapime kabla ya kuyasambaza.

Katika falsafa tunafundishwa kwamba jambo kutokea baada ya jingine si uthibitisho kuwa limesababishwa nalo. Kisukari na shinikizo la juu la damu, magonjwa yanayoongoza kwa kuharibu figo, huharibu pia mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mara nyingi, basi, macho na figo vimeumizwa na adui mmoja, tena miaka mingi kabla mgonjwa hajaunganishwa na mashine.

Hata hivyo, tusifiche upande wa pili. Zipo nyakati ambapo tiba yenyewe huchangia. Mashine inapoondoa maji mengi kwa saa chache, presha yaweza kushuka ghafla. Neva ya jicho ikikosa damu ya kutosha, uoni hupotea, pengine bila maumivu yoyote. Hutokea kwa nadra, lakini uoni huo huenda usirudi. Kwa hiyo mgonjwa akiona giza au ukungu wa ghafla, asingoje zamu yake ijayo. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa jumuiya ina kazi. Wengi wanaosafishwa damu huenda mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Sisi huwatembelea na soda, juisi na uji, tukiwasihi wanywe wapate nguvu. Kumbe figo zao hazitoi maji ipasavyo, na yanayojaa mwilini ndiyo mashine italazimika kuyavuta. Tuulize kwanza daktari amewaruhusu kiasi gani. Tuulize pia kama macho yamechunguzwa mwaka huu. Tukichangia nauli ya kwenda kwenye mashine, tukumbuke na ya kliniki ya macho.

Na aliyekwisha kupoteza uoni? Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi (Yoh 9). Bwana alilikataa wazo hilo. Tusilirudishe kwa maneno ya kulogwa au laana. Tumshike mkono hadi kanisani, tumsomee masomo ya Dominika, na kama ni mwanakwaya, abaki kwaya. Apewe Mpako wa Wagonjwa, na aendelee na daktari wake. Hivyo viwili havishindani.

Kila tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, tunawaombea wagonjwa wote. Sala hiyo itakuwa na uzito zaidi kila jumuiya ikimjua mgonjwa wake wa figo, siku zake za mashine na hali ya macho yake.