Musalaba wa simenti, na moto ulio mu lupango

Kila mara shirika letu linapokutana juu ya kutengeneza ofisi, wazo moja linarudi: tusimamishe mbele ya mulango musalaba mukubwa wa shaba, alama ya wankambo wetu. Na kwa kuwa shaba ni bei kali, musalaba wenyewe utakuwa wa simenti, kisha tutaupakaa rangi nyekundu. Watu wanapiga makofi. Mimi ninakataa, na ninaandika hapa sababu zangu, maana mu mukutano saa haikutosha, na wengine walianza kuangalia chupa.

Wapenzi wasomaji, ile misalaba ilitengenezwa na nani? Wataalamu waliochimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mu 1957 na 1958, waliikuta imelala pamoja na wafu. Ile ya zamani ni mikubwa. Kadiri miaka inavyopita inakuwa midogo na inafanana zaidi na zaidi, mpaka ikawa kama feza. Kufanana hakuji kwa bahati. Kunataka mutu anayejua kalibu yake, anayejua shaba kiasi gani inamwagwa na wakati gani. Kule Kamilamba, katika kaburi lenye zaidi ya miaka elfu moja, walikuta fuawe na shoka ya fahari. Na wanawake wa Kiluba walikuwa wakitia mu nywele pini za chuma zenye kichwa cha mufano wa fuawe. Musalaba ulikuwa kazi ya mutu kwanza. Alama ilikuja nyuma. Sisi tunataka alama bila kazi.

Tukumbuke kazi yenyewe. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, wayeyushaji walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga makala na mawe ya malakiti, wakatia upepo kwa mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo. Shaba inayeyuka kwa digri 1.084. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha moto; walisoma rangi yake. Shaba ya kwanza ilikuwa chafu, basi waliirudisha kwa moto mara ya pili ndipo wakaimwaga, na Wayeke wa Bunkeya walijua hata kuivuta ikawa waya mwembamba. Kisha Union Minière ilianzishwa mu 1906, tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza mu 1911, na matanuru ya vijiji yakazimika. Monseigneur de Hemptinne alipoandika mu 1926 juu ya "wala shaba" wa Katanga, alikuwa tayari anaandika juu ya wazee.

Basi wenzetu wanasema: unaona, desturi ilikufa pale, kazi yetu ni kuikumbuka tu. Huu ndio uongo ninaoukataa.

Ingia mu lupango moja kule Katuba, ao mu komini ya Kenya, zunguka nyuma ya nyumba. Utakuta pipa lililokatwa nusu, limepakwa udongo ndani. Utakuta makala, na ventilateri ya gari iliyofungwa kwa gurudumu la kinga, mutoto anazungusha. Ndani ya chungu cha chuma kuna pistoni za magari zinayeyuka. Aluminyo haiombi moto mwingi, digri 660 zinatosha. Pembeni kuna fremu mbili za mbao zimejaa muchanga ulioshindiliwa, na katikati nafasi ya sufuria. Udongo, makala, upepo, muchanga. Ni chuma tu kilichobadilika, na mivukuto ya mbuzi imekuwa gurudumu la kinga. Lakini musomi anapita pale na shati yake nyeupe, anasema: "Ule masomo ilimushinda." Kisha anaenda ku mukutano kulilia desturi.

Na haiko sufuria na mbabula peke yake. Mu 2003 zaidi ya watumishi 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa mapenzi (mapenzi ya nani, tuyaache). Kati yao kulikuwa waturneri na waajusteri walioweza kusikia kwa kidole kosa la chuma ambalo jicho halioni. Walirudi nyumbani na ile elimu mu mikono. Wamoja waliweka eto ya kukamatia chuma chini ya mwembe wakaendelea, kwa kuuza kidogo, na wengine kwa kupenda tu.

Hao wa kupenda tu ndio tunawachekaka zaidi. Ninamujua muzee mumoja ambaye amemaliza zaidi ya miaka miwili akijitengenezea turu, ile mashini inayozungusha chuma mbele ya kisu. Kitanda chake ni kipande cha reli. Kichwa amekimwaga mwenyewe kwa aluminyo ya pistoni. Muhimili umetoka mu lori, mota ilikuwa ya pompi ya maji. Jirani wanamuuliza: "Papa, hii kitu itakuletea ngapi?" Anawaonyesha chuma alichokikata jana na kusema bado, kati ya mwanzo na mwisho kuna tofauti ya unene wa karatasi. Wanaondoka wakitikisa kichwa. Mutu akimaliza jioni yake yote na chupa, hakuna anayemuuliza itamuletea ngapi.

Huyo muzee ana vibao vitatu vya chuma. Anapakaa kimoja masizi na mafuta, anakisuguanisha na cha pili, anakwangua pale weusi ulipogusa, kisha cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Vikiwa viwili tu vinaweza kukudanganya: kimoja kinafanya tumbo, kingine shimo, na vinakaa pamoja vizuri kabisa. Cha tatu kinasema ukweli. Hivyo anapata uso ulionyooka bila kuwa na kitu kilichonyooka cha kuanzia. Mimi ninafundisha sekondari, na ninajua vile tunavyofundisha uso ulionyooka: maneno kwenye ubao, kopi mu kayee, maswali ya mutihani. Mutoto anapata pointi zake zote na hajawahi kugusa tupa.

Wenzangu wanaoheshimu kila kitu cha ng'ambo, nitawapa ya ng'ambo. Mu Uingereza gazeti la watu wanaotengeneza mashini ndogo nyumbani, Model Engineer, lilianza 1898. Mu Marekani, miaka ya 1980, bwana David Gingery aliandika vitabu vya kufundisha mutu ajenge atelye yake kwa vyuma vya kutupwa. Anaanza na nini? Ndoo iliyopakwa udongo, makala na upepo. Anamwaga aluminyo mu muchanga, na kwa ile aluminyo anajenga turu. Ndiyo kazi ya Katuba! Yeye tunamwita mwandishi, na wetu tunamwita mutu wa mbabula.

Juu ya wachungaji wanaosema moto wa wafua chuma ni uchawi kwa sababu wankambo walikuwa na miiko yao, sitapoteza wino. Wanaosema sufuria za mu lupango zinaweza kuwa na sumu, hao ninawasikiliza, maana mutu akichanganya kila takataka, risasi ya betri inaweza kuingia. Lakini dawa yake ni kufundisha kuchagua: pistoni na vichwa vya injini upande huu, betri mbali kabisa, na dirisha la moshi. Nani atafundisha, kama wenye kujua chemia wanaona haya kuingia nyuma ya nyumba?

Basi ninachoomba shirika ni hiki. Feza ya simenti, fito na rangi tununue tupa, eto mbili na makala. Siku ya Posho, wale wazee waje na wanafunzi waje, wa sekisio ya ufundi na wa sekisio ya kilatini vilevile. Mumoja wetu mwenye maandiko mazuri akae pembeni na kayee, aandike kila jina wanalolitaja, la chombo, la rangi ya moto, la kosa la chuma, kwa Kiswahili, kwa Kisanga, kwa Kiluba, kwa namna wanavyosema wenyewe. Na wakitaka musalaba mbele ya mulango, waumwage wao, hata uwe na urefu wa mukono tu.

Lakini tusikawie kupiga kura. Turu ya yule muzee iko chini ya mwembe, imefunikwa na sheeting, na yeye anagonjwa. Juma lililopita mununuzi wa mitraye alipita kwake tena na mizani yake. Watoto wamekwisha kuuliza bei ya kilo.