Skwota wa Pwani Alitengenezwa na Sheria

Uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, viongozi hushuka Pwani na maboksi ya hatimiliki. Kina mama hupiga vigelegele, picha hupigwa, na aliyeitwa skwota tangu kuzaliwa huondoka na karatasi mkononi. Ana kila haki ya kufurahi. Linaloniudhi ni shukrani anayotakiwa kuitoa, kana kwamba amepewa zawadi, wakati karatasi ile ni deni lililochelewa zaidi ya karne.

Deni lenyewe lilianza katika miaka miwili iliyofuatana, ambayo haitajwi sana majukwaani. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta utumwa katika Pwani ya Kenya. Fidia ilitolewa, lakini walioipokea ni mabwana, kwa hoja kwamba wamepoteza mali. Aliyeachwa huru hakupewa hata pa kupanda muhogo. Mwaka 1908 ikafuata sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa kupeleka madai yake kwa afisa wa serikali ndani ya muda uliowekwa, na ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya serikali.

Nani angeweza kufika? Wenye nyaraka, wenye wakili, waliozijua ofisi za mjini. Mgiriama au Mdigo aliyelima ardhi ya mbari hakuwa na jina moja la kuandikisha, kwa sababu sheria ilitaka mwenye mali mmoja mmoja. Naye mtumwa wa jana angedai nini, na dhidi ya nani, kama si bwana wake? Kwa hiyo mabwana walilipwa mwaka mmoja kwa kupoteza watu, na mwaka uliofuata wakafunguliwa mlango wa kusajili mashamba ambayo watu hao hao waliyalima.

Uhuru haukuvunja mpango huo. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliandikiana barua za kukubaliana ukanda ule uwe sehemu ya Kenya. Miongoni mwa masharti, hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zingeendelea kutambuliwa.

Ndiyo maana Pwani mtu anaweza kumiliki mnazi alioupanda asimiliki udongo ulioushika, na Mombasa kuna nyumba bila ardhi: kuta zako, kiwanja cha mwingine. Mwenye nyumba kama hiyo hana dhamana ya kupeleka benki. Husita kujenga kwa mawe, maana akifukuzwa ataondoka na mabati tu. Mradi wa barabara ukija, fidia humtafuta kwanza mwenye hati.

Wapo wanaomaliza hadithi hii kwa kumlaumu Mwarabu, na wengine kwa kumlaumu mtu wa bara. Mimi naona lawama zote mbili zinawafaa wanasiasa. Baada ya uhuru viwanja vya ufuoni viligawiwa wakubwa, wa Pwani wakiwemo. Mwaka 1989 Bunge lilivunja kwa sheria amana ya ardhi ya ukoo wa Kiarabu wa Mazrui, na dhuluma ya zamani haitibiwi kwa kuongeza mpya. Tena wapo walionunua kwa nia njema, na hao wanastahili kulipwa. Ila bili isipelekwe kwa skwota. Kule Likoni serikali ilinunua shamba la Waitiki, ekari 930, ikagawa hati mwaka 2016, na masharti ya mwanzo yakawataka wakazi wairudishie hazina pesa kidogo kidogo.

Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma hizi. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakazitaja kuwa zile zilizotendeka kati ya Juni 15, 1895 na Agosti 27, 2010. Miaka 115 ya malalamiko, na muda wa kuyawasilisha ukawa miaka 5. Kwa mara ya pili tarehe ya mwisho ikawa mlango wa kufungia watu nje, na kwa mara ya pili waliokuwa mbali na ofisi ndio waliochelewa. Ukomo wa namna hiyo haufai kuwepo. Bunge nalo liagize madaftari ya usajili ulioanza 1908 yafunguliwe kwa umma, kijiji kwa kijiji, ijulikane nani aliandikishwa wapi, na ushahidi wa wazee upewe uzito sawa na karatasi.